Seva Iliyowekwa kwa Bartolomayo

Siku hizi mtandao ukikatika hata kidogo, wajukuu zangu wanalalama kama watu walionyimwa chakula. Mimi nawatazama tu. Hawakumjua Silvano Ndahani hawa. Hawajui kwamba hapa Dodoma, Barabara ya Tano, kwenye chumba ambacho leo wanabadilisha vioo vya simu, palikuwa na mtu mzima mwenye mvi zake ambaye kila asubuhi, kabla ya chai, alikuwa na swali moja: jina linajibu? Likijibu, anakunywa chai. Lisipojibu, chai inapoa na sote tunakoma.

Nimesema mtu mzima kwa sababu watu wakisikia kompyuta wanafikiria kijana. Silvano alikuja kwangu ameshavuka arobaini. Alikuwa fundi wa simu, wale wa kupanda nguzo na kufungua masanduku ya waya barabarani, mpaka watu walipoanza kupunguzwa kazini. Mimi nilikuwa mpiga chapa wizarani, na mimi nikapunguzwa. Miaka ile kupunguzwa kulikuwa kwenye kila kinywa. Tukaambiwa biashara sasa ziko wazi, soko huria, kila mtu ajitegemee. Haya. Nikafungua duka la kupiga chapa na fotokopi, baadaye nikaongeza kompyuta za intaneti, na Silvano nikampa kona ya nyuma awe fundi wangu.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, yeye Mgogo wa Mlali, huko wilaya ya Kongwa. Nilikuwa namwita "we Mgogo" kutwa nzima, na yeye ananiita "Dada Mwanahawa" kwa heshima zote, hata pale nilipokuwa nimemtolea maneno makali asubuhi nzima. Na nilimtolea mengi, sifichi. Alikuwa mtu wa mwendo wa pole, maneno ya pole, na ubishi ambao haukuwa wa pole hata kidogo. Chakula chake cha mchana alikuja nacho kwenye kopo: ugali wa uwele na mlenda. Wateja wangu, watumishi wa Bunge na wanafunzi wa vyuo, walikuwa wanakaa kwenye kompyuta huku harufu ya mlenda inawapitia puani. Nilimkataza. Alisema, "Sawa dada," kesho yake akaja na kopo kubwa zaidi.

Shida yake ilikuwa moja, na niliijua kabla sijajua anakunywa chai ya rangi au ya maziwa. Mama yake, mama Anyesi, alikuwa kule Mlali na macho yake yanakwisha. Si mtoto wa jicho, ule ambao wanautoa unaona tena. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alimwambia wazi: nuru iliyokwisha kuondoka hairudi, na hii iliyobaki itaondoka pole pole. Na mama huyo alikuwa na mtoto wa kwanza, Henry, kaka yake Silvano, aliyepelekwa na serikali kusomea udaktari wa mifugo Bulgaria zamani zile za undugu wa kijamaa. Nchi ile ikageuka akiwa hukohuko. Masomo yakazaa kazi, kazi ikazaa mke, mke akazaa watoto, na Henry hakurudi. Mama Anyesi alikuwa hana ombi lingine duniani. Alitaka kumwona Henry uso kwa uso kabla giza halijaingia.

Silvano alimwandikia kaka yake imeli kutoka dukani kwangu. Henry akajibu vizuri sana, kwa upendo, na mwisho akaandika: mwakani nitakuja. Mwaka ukaisha. Akaandika tena: mwakani. Sasa kila mtu mwenye ndugu ughaibuni anaijua hiyo "mwakani". Sikuwa na ndugu huko lakini hata mimi iliniudhi.

Siku moja Silvano akaniambia, "Dada, akimsikia sauti, atakuja. Maandishi ni yangu. Sauti ni ya mama."

Basi Jumapili akapanda basi kwenda Mlali na redio kaseti, akamrekodi mama yake baada ya ibada, akarudi na kanda. Tukaiingiza kwenye kompyuta kwa waya. Tukaituma kwa imeli. Ikarudi. Tukaituma tena, ikarudi tena, faili zito, sanduku la Henry dogo. Nikamwambia, fungua ukurasa, ziko sehemu Marekani wanakuwekea tovuti bure, weka sauti pale, Henry aifuate mwenyewe. Nilidhani nimemsaidia.

Akanitazama. "Mama yangu akakae kwa watu asiowajua?"

"Si mama yako, Silvano. Ni sauti."

"Ndiyo huyo huyo."

Huo ndio ulikuwa ubishi wake. Alitaka sauti ikae Dodoma, kwenye mashine yake mwenyewe, chini ya jina lake mwenyewe. Tulikuwa na laini ya kudumu wakati ule, ya kutuhudumia dukani, na namba yake haibadiliki. Akachukua kompyuta moja niliyoitupa, akaipanguza vumbi, akaiwekea programu za bure alizopewa kwenye diski na mwalimu mmoja wa chuo, kioo cheusi maandishi meupe, hakuna picha hata moja. Akaanza kusoma. Alisoma kitabu kile cha Kiingereza na kamusi pembeni mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa.

Mimi nilielewa kidogo kidogo kwa kumsikiliza anavyobishana na mashine. Ni hivi. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Mtu wa Bulgaria akiandika jina la tovuti yako, lazima awepo wa kuulizwa, "Huyu namba yake ngapi?" na huyo ajibu. Huyo anayejibu ndiye seva ya majina. Asipokuwepo, au akiwa amelala, tovuti yako inaweza kuwa nzima na inawaka, lakini duniani hakuna anayejua uliko. Silvano alipomweleza mama yake kule Mlali, yule mama alielewa haraka kuliko mimi. Alisema, "Yaani mtu akishuka kwenye basi pale senta akauliza kwa Anyesi ni wapi, awepo wa kumwonyesha njia."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Na asipokuwepo?"

"Anapanda basi anarudi."

Jina alilochagua lilikuwa kwetumlali, na mwisho wake herufi za nchi yetu. Akawaandikia wale waliokuwa wanatunza majina hayo Dar es Salaam. Wakamjibu: jina lipo, lakini hatukupi mpaka uwe na seva za majina mbili, kila moja mahali pake, moja ikizimika nyingine ijibu. Mimi nikasema jambo dogo hilo, weka kompyuta nyingine hapo juu ya rafu. Nani atajua?

Silvano alimaliza kula kwanza. Halafu akanieleza habari za baba yake. Marehemu alikuwa na ng'ombe, lakini ungeingia zizini kwake usingewakuta wengi. Wengine walikuwa kwa rafiki yake Kibakwe, kule milimani, wengine kwa mtu wa upande wa Mtera, wengine sijui kwa nani. Ndiyo desturi yao. Mvua ikikosekana huku, kule wanapona. Ugonjwa ukiingia kule, huku wanapona. Rafiki anakunywa maziwa, analima kwa samadi, na ng'ombe wanabaki wako. "Ndiyo maana hatukuisha," akaniambia. "Hawa wa Dar wananiambia kitu ninachokijua tangu nachunga."

Akampelekea mashine ya pili rafiki yake Bartolomayo. Huyu walipanda nguzo za simu pamoja ujana wao wote, na alipopunguzwa alipata kazi ya ufundi kwenye hospitali moja ya misheni, mbele ya Mpwapwa. Wazungu wa pale walikuwa na dishi la intaneti na jenereta lisilozimika kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Silvano aliifunga kompyuta kwa blanketi, akasafiri nayo kaipakata mapajani mpaka huko. Waliiweka pamoja. Ile ya kwangu Barabara ya Tano ikawa ya kwanza, ya Bartolomayo ikawa ya pili, na kila Silvano alipobadilisha kitu kwenye ya kwanza aliongeza namba fulani juu ya faili, ya pili ikiona namba imepanda inakuja kuchukua nakala yenyewe. Jina, namba, na ile sauti ya mama, vyote vikawa sehemu mbili.

Siku jina lilipojibu kutoka nje nilikuwepo. Aliniita nikaacha mteja kaunta. Maandishi meupe kwenye kioo cheusi, jina kushoto, namba kulia. Mimi sikuona cha ajabu. Lakini Silvano alikuwa amevua kofia. Alikaa anakitazama kile kioo muda mrefu.

Kila Jumatatu sauti ikawa mpya. Mama Anyesi hakuwa na aibu na kinasa sauti. Alikuwa anasimulia nani kaoa, nani kagombana na nani kwa ajili ya mpaka wa shamba, mvua imefika wapi. Mara nyingine alikuwa anaimba nyimbo za ngoma za kina mama, anapiga ngoma ambayo haipo, unasikia mkono tu unapiga paja. Mwisho daima ni hilohilo: "Henry, macho yangu yapo bado. Njoo." Wafanyakazi wa Bunge walikuwa wanaomba niwafungulie wasikilize. Nilikuwa nikisikia ile sauti huku nafagia, namkumbuka mama yangu Kondoa, nafagia sehemu moja mara mbili.

Na Henry alisikia. Aliandika kwamba alilia ofisini. Aliandika kwamba Jumatatu zimekuwa kama kurudi nyumbani, kwamba amewafunza watoto wake kuitikia "Mbukwa", salamu ya Kigogo, kwenye kompyuta. Aliandika, "Sasa hata nikichelewa kuja siumii kama zamani, kwa sababu mama ninaye kila wiki."

Silvano alinionyesha barua ile akiwa anacheka kwa furaha. Mimi sikucheka. Nilimwambia palepale, "Silvano, umemshibisha." Akanuna kutwa nzima.

Mama Anyesi naye alikuwa na hesabu zake. Kila Silvano alipofika na redio kaseti alimuuliza, "Anasikia?"

"Anasikia, mama."

"Anakuja?"

Silvano anabonyeza kitufe cha kurekodi.

Ndipo ukaja mwaka maji ya bwawa la Mtera yalipopungua, ukaanza mgawo wa umeme. Mwanzo ulikuwa unakatika mchana unarudi jioni. Baadaye ukawa unarudi ukipenda. Jenereta langu, la Kichina, lilipiga kelele wiki chache likafa. Nikafunga duka, kwa sababu kukaa ndani ya chumba chenye kompyuta zisizowaka ni kujitia wazimu. Silvano hakuwa na wasiwasi. "Ya pili ipo kwa Bartolomayo," alikuwa akisema. "Wale hawazimi."

Alikuwa na uhakika kama mtu aliyeiona. Hakuwa ameiona. Tangu walipoifunga hakuwahi kuuliza hali yake. Nikamwambia, mpigie Bartolomayo, umuulize, hospitali wana simu. Akakataa. Nikasema, basi nenda kwa mwalimu wa chuo mwenye umeme, uiulize mashine yenyewe kama inajibu. Akakataa vilevile, na safari hii alikuwa amekasirika kidogo, yeye ambaye hakasiriki.

"Dada, mtu umemkabidhi ng'ombe wako. Huendi kwake kuhesabu. Unakwenda kumsalimia, unakunywa pombe yake, unalala, unaondoka. Yeye mwenyewe ndiye anasema wamezaa, au amekufa mmoja. Ukihesabu umemwita mwizi."

"Hii si ng'ombe. Ni kompyuta. Haizai."

"Bartolomayo ni mtu."

Nilimwona mpumbavu siku hiyo, na nilimwambia. Lakini nilijiambia pia mwenyewe moyoni kwamba laiti ningekuwa na rafiki mmoja tu ambaye sithubutu kumhesabia.

Wiki zikapita. Umeme uliporudi kwa saa chache tulikimbilia dukani, Silvano akawasha mashine, na mara hii jina halikujibu vizuri kutoka nje hata mashine ya kwanza ikiwa imewaka. Linajibu, linapotea. Nusu ya watu wanaouliza walikuwa wanapelekwa kwenye ile ya pili, na ya pili kimya. Na imeli yake pia ilikuwa kwenye jina hilohilo, kwa hiyo hata mtu akitaka kumuuliza kuna nini, barua inarudi. Halafu umeme ukakatika tena. Silvano alikaa kwenye kiti chake gizani mchana kweupe, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Nami siku hiyo sikumtaja Bartolomayo, kwa sababu nilimwona anaumia.

Bartolomayo alikuja mwenyewe. Mtu mfupi, suruali imejaa vumbi jekundu, ana kitu kimefungwa kwenye gunia. Alisalimia kila mtu mpaka fundi cherehani wa kibarazani, akakaa, akanywa maji, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu zote. Hatimaye akafungua gunia kwenye sakafu yangu. Ni kile kisanduku cha dishi la intaneti, kimeungua upande mmoja, plastiki imeyeyuka.

"Nimeleta ngozi," akamwambia Silvano.

Kwao ng'ombe wa watu akifia kwako, unamchuna unampelekea mwenyewe ngozi, kwa mkono wako, ili ajue hukumla wala hukumuuza. Radi ilikuwa imepiga dishi la hospitali. Wazungu wakaleta dishi jipya la kampuni nyingine, na namba zote zikabadilika. Ile mashine ya pili ilikuwa inawaka salama salmini, ila iko kwenye namba ambayo hakuna duniani aliyeambiwa. Bartolomayo alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza, na kwa kweli niliuliza kwa sauti ya juu, kwa nini hakupiga simu.

Akanishangaa. "Msiba wa mali ya mtu nimtumie kwa simu? Nilikuwa nangoja ruhusa kazini nije."

Nilitoka nje nikasimama barabarani. Mmoja haulizi kwa heshima, mwingine hasemi kwa heshima, na mtoto wa mama Anyesi yuko Bulgaria anagonga mlango usiofunguliwa. Niliporudi ndani nikawakuta wanacheka, wamekumbuka nguzo fulani waliyoanguka nayo Gairo. Hawakulaumiana hata kwa neno moja. Ile namba mpya Bartolomayo alikuwa ameiandika kwenye kiganja kwa kalamu.

Walikuwa bado hawajairekebisha, umeme haujarudi, alipokuja mgeni. Nilikuwa nimefungua mlango mmoja tu kuingiza hewa. Mwanamume mrefu, kipara, suti nyeusi nzito kwenye jua lile la Dodoma, begi moja dogo. Alinisalimia kwa Kiswahili kizuri cha zamani, kile tulichokuwa tukikisikia redioni tukiwa wasichana, kimebaki vilevile alipokiacha.

"Samahani mama. Namtafuta ndugu Silvano Ndahani. Mimi ni kaka yake. Tafadhali niambie, mmeshazika?"

Sikuelewa. Nikamwuliza, kumzika nani?

Alikuwa ameandika jina Jumatatu, halikujibu. Jumatatu iliyofuata, kimya. Akamwandikia Silvano, barua ikarudi. Mtu aliyezoea kumsikia mama yake kila wiki, ghafla nyumba nzima hakuna anayeitika, alifikiri jambo moja tu. Alikata tiketi, akanunua suti, akaja kumzika mama.

Silvano alitoka kona ya nyuma. Walisimama wakitazamana, hakuna aliyemtambua mwenzake haraka. Nilipomwambia Henry kwamba mama yake mzima, na Jumapili iliyopita kalalamika kwamba nimempelekea majani ya chai mabaya, alikaa chini sakafuni na suti yake, karibu na lile gunia, akalia kama mtoto. Mimi pia. Silvano alimshika bega, anarudia, "Yupo kaka. Yupo. Ni seva tu."

Nilikwenda nao Mlali. Nisingeachwa, nilikuwa nimevumilia mengi. Tulimkuta mama Anyesi uani kwenye nyumba yake ya tembe anapeta uwele. Silvano akamwambia amekuja na mgeni. Yeye akaweka ungo chini, akamwita yule mgeni asimame palipo na jua. Macho yale yalikuwa yamebaki kuona kidogo katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kwa hiyo alimshika Henry kidevu, akawa anakisogeza kile kichwa taratibu. Paji la uso akaliona. Akasogeza. Pua. Akasogeza. Mdomo.

"Umechukua kipara cha baba yako," akasema. Halafu akashika kola. "Mbona umevaa nguo za msiba?"

Silvano ndiye aliyesema. "Alidhani umekufa, mama. Jina lilikuwa halijibu."

Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno. Alipomaliza kucheka uso wake ukawa mwingine. "Kumbe nikinyamaza ndiyo unakuja," akasema.

Henry alikaa kwao karibu mwezi mzima. Alichanja ng'ombe wa kijiji kizima, akala mlenda mpaka ukamtoka puani, na kila asubuhi mama yake alimsimamisha juani akamtazama kipande kipande. Siku ya kuondoka, tukiwa tumekaa tunangoja basi, Silvano alisema kwa kujivuna kidogo, na alistahili, kwamba umeme umetulia, namba mpya ya Bartolomayo imeshaingia, Dar wameipokea, seva zote mbili zinajibu. "Jumatatu utamsikia mama kama kawaida, kaka. Safari hii hatapotea."

"Hatanisikia," mama Anyesi akasema.

Tukamgeukia.

"Sauti yangu haitoki tena hapa. Nilikuwa naimba, nasimulia, naye anashiba huko huko aliko. Jina liacheni lijibu, asije akanizika bure. Lakini akitaka kunisikia, aje."

Henry alimsihi. Aliapa kwamba atakuja, sauti au bila sauti. Mama akamwambia, "Najua, baba. Mwakani." Hakusema kwa ubaya. Silvano alikuwa ameinamisha kichwa anachora chini kwa kijiti. Ile sauti alikuwa ameijengea nyumba mbili kwa mikono yake, na mimi nilimwonea uchungu sana, nikamkasirikia bibi kizee wa watu palepale mbele ya wanawe. Nilitaka kusema. Silvano alinitazama, nikaacha.

Jumatatu alikuja dukani mapema. Alifuta kanda zote kwenye ukurasa, moja baada ya nyingine, akaandika maneno matatu tu: Mama yupo. Njoo. Akaongeza ile namba juu ya faili, ya Bartolomayo ikachukua. Kila wiki baada ya hapo aliendelea kwenda Mlali, akirudi anabadilisha tarehe chini ya maneno yale, basi. Jina halikuwahi kulala tena. Na siku hizo alikuwa anampigia Bartolomayo simu kumuuliza hali ya mashine, lakini anaanza na habari za watoto, za mifugo, za mvua, za mke wake, mpaka vocha inaisha kabla hajaifikia mashine.

Henry alikuja mwaka uliofuata. Aliniambia mwenyewe kaunta kwangu kwamba maneno yale matatu yalimnyima usingizi kuliko nyimbo zote. Tukaenda Mlali tena, watu walewale. Mama Anyesi alikuwa amekaa palepale uani, lakini sasa kanga amejifunika mpaka machoni, na tulipofika alielekeza uso pembeni yetu. Giza lilikuwa limeshaingia.

Henry alipiga magoti mbele yake. Yule mama akanyoosha mikono, akampapasa kipara, akashuka kwenye paji la uso, pua, mdomo, taratibu, kwa mpangilio uleule aliokuwa akimtazama nao juani. Akarudia mara ya pili. Halafu akawageukia Silvano na mimi, pale alipodhani tumesimama.

"Ni yule yule niliyemwona," akasema.